Meza ya Anne Smith

Kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, nyanya za kopo, na shira ya mahindi, ile ya chapa ya Karo. Hicho ndicho chakula alicholishwa Dk. Robert Smith, daktari wa upasuaji wa mji wa Akron katika jimbo la Ohio, siku za mwanzo wa Juni 1935, alipokuwa anajaribu kuacha pombe. Aliyebuni mlo huo hakuwa mpishi wala tabibu. Alikuwa dalali wa hisa kutoka New York, Bill Wilson, mgeni wa nyumbani ambaye naye alikuwa hajatimiza miezi sita tangu aweke chupa chini. Hoja yake ilikuwa kwamba kabichi na nyanya zitarudisha vitamini mwilini, na shira itatia nguvu. Dk. Smith alikula kwa taabu. Ukifikiria kabichi chachu na shira kwenye tumbo la mtu anayetetemeka kwa arosto, utamwonea huruma.

Kutokana na siku hizo kilizaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo kina vikundi karibu kila pembe ya dunia. Kwa kawaida historia yake husimuliwa kama historia ya maneno: watu wawili walikutana, wakazungumza, mmoja akamfahamu mwenzake, na pombe ikawaachia. Sina ugomvi na simulizi hiyo, maana ni ya kweli. Lakini nimesoma kumbukumbu za watu wale kwa muda sasa, na kila nikigeuza ukurasa nakuta meza ya chakula. Kumbe kulikuwa na mtu anayepika. Mara nyingi alikuwa mwanamke, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza fedha za unga zinatoka wapi.

Tuanze na meza ya kwanza, ambayo haikuwa na chakula kabisa. Novemba 1934, katika jiko la nyumba namba 182 Clinton Street, Brooklyn, Bill Wilson alimpokea rafiki yake wa zamani wa kunywa naye, Ebby Thacher. Bill aliweka mezani jini na juisi ya nanasi. Ebby akakataa. Bill hakuamini macho yake. Huyu bwana hakuwahi kukataa glasi. Ebby akaeleza kwamba ameipata dini, kupitia watu walioitwa Oxford Group, na kwamba hanywi tena. Bill aliendelea kunywa peke yake huku mwenzake akizungumza. Mwezi uliofuata, Desemba, Bill alilazwa katika hospitali ya Towns, mjini New York, na baada ya hapo hakunywa tena mpaka kufa kwake mwaka 1971.

Miezi iliyofuata alijaa jazba. Aliwafuata walevi hospitalini na mitaani, akawahubiria, akawaleta nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Mkewe, Lois, alikuwa akifanya kazi kwenye duka kubwa la Brooklyn, na mshahara wake ndio uliokuwa ukilisha nyumba nzima, walevi wakiwemo.

Mei 1935 Bill alikwenda Akron kwa shughuli ya kuwania uongozi wa kampuni moja ya mitambo ya mpira. Shughuli ikavunjika. Akabaki kwenye ukumbi wa hoteli ya Mayflower na dola kama kumi mfukoni, baa ikiwa upande mmoja na simu upande wa pili. Aliona kwamba asipompata mlevi mwingine wa kuzungumza naye, jioni ile ataingia baa. Akapiga simu kwa mchungaji, mchungaji akamwelekeza kwa wengine, na mwishowe akampata Henrietta Seiberling, mama aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ya langoni mwa jumba la Stan Hywet. Henrietta alimfahamu mlevi mmoja ambaye marafiki walikuwa wakimwombea: Dk. Smith. Simu ikapigwa kwa mkewe, Anne. Anne akajibu kwamba haiwezekani siku hiyo. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama, na mume wake alikuwa amemletea ua kwenye chungu. Sasa ua lilikuwa juu ya meza na mume alikuwa chini yake, amelewa chakari.

Walikutana kesho yake, Jumapili tarehe 12 Mei, saa kumi na moja jioni. Henrietta aliandaa chakula. Dk. Smith hakukigusa, mikono ilikuwa inatetemeka. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba atakaa dakika kumi na tano tu. Henrietta, kwa busara yake, akawaacha wale wanaume wawili kwenye kijumba cha maktaba, na hawakutoka mpaka saa tano usiku ilipopita.

Hapo wanahistoria hukimbilia maktaba. Mimi nakwama kwenye ile sahani ambayo haikuguswa. Mwanamke alipika, akaandaa, akaona chakula kinapoa, na hakulalamika. Alijua kwamba mtu wa hali ile haji kwa ajili ya kula. Chakula kilikuwa sababu ya kumfikisha mlangoni. Kwetu Uswahilini jambo hili halihitaji maelezo marefu: mtu mwenye aibu humwiti aje kuambiwa, unamwita aje kula.

Na aibu ilikuwepo. Tusidhani Dk. Smith alikuwa hajahubiriwa. Yeye na Anne walikuwa wakihudhuria mikutano ya Oxford Group kwa zaidi ya miaka miwili, na muda wote huo alikuwa akinywa. Ameeleza mwenyewe jinsi alivyoficha chupa: kwenye pipa la makaa, juu ya mihimili ya chumba cha chini ya nyumba, hata ndani ya soksi. Wakati wa marufuku ya pombe, iliyodumu Marekani kuanzia 1920 hadi 1933, serikali iliwaruhusu madaktari kupata kileo kwa ajili ya matibabu, na yeye aliitumia ruhusa hiyo kwa bidii. Nyumba ya mlevi ina ramani mbili: moja anayoijua mke anayepika na kufagia, nyingine anayoijua mume peke yake.

Basi Anne akamkaribisha Bill ahamie kwao, 855 Ardmore Avenue. Anne Ripley Smith hakuwa mwanamke wa kupuuzwa. Alisoma chuo cha Wellesley, akafundisha shule, na akaolewa mwaka 1915 baada ya uchumba wa miaka kumi na saba. Nyumba ilikuwa na rehani, mume alikuwa anapoteza wagonjwa, na nchi ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Hata hivyo akaongeza sahani.

Asubuhi alikuwa akiwakusanya wale wanaume wawili, kahawa ikiwa tayari, akawasomea Biblia, kisha wote wakakaa kimya. Alikuwa na daftari lake la kuandika aliyoyasoma na kuyafikiria, na daftari hilo limehifadhiwa mpaka leo.

Kisha likaja jambo la chupa. Bill alisimulia baadaye kwamba yeye ndiye aliyeshauri pombe iwekwe ndani ya nyumba, wazi, kwa kuwa mlevi aliyeacha lazima ajifunze kuishi duniani ambako pombe ipo. Chupa mbili kubwa zikawekwa kwenye kabati la vyombo, pale pale chumba cha kulia. Anne alipandwa na hasira, kama ambavyo mke yeyote angepandwa. Hebu fikiria: umehangaika miaka na miaka kusaka chupa zilizofichwa, leo anatokea mgeni anaziweka karibu na sahani zako na kuziita dawa. Chupa zilikaa. Sijui kama kuna sehemu nyingine ya kisa hiki inayoonyesha wazi zaidi nani alikuwa akifanya majaribio, na ndani ya nyumba ya nani.

Mwanzoni mwa Juni Dk. Smith alisafiri kwenda mkutano wa madaktari Atlantic City. Alilewa huko na kurudi akiwa hajitambui. Tatizo lilikuwa kwamba siku tatu mbele alikuwa na mgonjwa wa kumpasua. Hapo ndipo kabichi, nyanya na shira vilipoingia. Bill na Anne walimuuguza kwa zamu, usiku na mchana. Asubuhi ya upasuaji Bill alimpa bia ili mikono itulie, yaani alimzimua, kwa lugha ya vijiwe vyetu. Baada ya upasuaji daktari hakurudi nyumbani kwa saa kadhaa, na waliomsubiri walijua la kuhofia. Kumbe alikuwa akizunguka mji kwa watu aliowakosea na aliowakimbia, akijaribu kuweka mambo sawa. Bia ile ilikuwa ya mwisho. Chama huihesabu tarehe 10 Juni 1935 kuwa siku yake ya kuzaliwa.

Kwa sayansi ya leo mlo wa Bill unachekesha kidogo, ingawa haukuwa upuuzi mtupu. Mtu anayekunywa kwa miaka mingi huacha kula sawasawa, mwili hukosa vitamini, hasa zile za kundi la B, na sukari ya damu hupanda na kushuka. Kitabu ambacho chama kilikichapisha mwaka 1939 kina mahali panaposhauri mtu aliyeacha awe na peremende na chokoleti karibu, kwa kuwa hamu ya kunywa usiku mara nyingine hutulizwa na kitu kitamu. Ushauri huo ulitoka kwa daktari aliyeusoma mswada. Naona uko karibu zaidi na hekima ya jikoni kuliko ya hospitali, na walioacha pombe bado wanapeana mpaka leo, pamoja na mapishi ya mchuzi usiotiwa mvinyo na onyo kuhusu chupa ndogo ya vanila kabatini. Hilo la vanila si mzaha. Kwa kanuni za Marekani, vanila ya maji ya kupikia lazima iwe na kileo kisichopungua asilimia 35. Enzi za marufuku walikuwepo watu walioinywa.

Mara baada ya Juni, Bill na Dk. Smith walianza kutafuta mtu wa tatu. Walimpata hospitalini, na huyo alifanikiwa. Lakini kabla yake kulikuwa na kijana mmoja waliyemchukua nyumbani Ardmore Avenue pamoja na familia yake, akala mezani pao, na siku moja akamkimbiza Anne kwa kisu cha jikoni. Simulizi nyingi hulipita tukio hili haraka, kama kichekesho. Kwa aliyekuwa mbele ya kile kisu halikuwa kichekesho. Anne aliendelea kupokea watu. Wanaume na wake zao walifika usiku na asubuhi, wengi hawana kazi, na kwa Anne walikuta kahawa na mtu wa kuwasikiliza. Aliwapa kipaumbele wageni. Waliokwisha kuzoeana aliwaacha wazungumze wenyewe, akaenda kukaa na yule aliyesimama karibu na mlango.

Bill alirudi Brooklyn mwishoni mwa Agosti. Akataka kufanya kule alichokiona Akron. Nyumba ya Clinton Street, iliyokuwa ya baba yake Lois, ikageuzwa kuwa kitu ambacho leo Zanzibar na Dar es Salaam wangekiita soba hausi: walevi wakilala vyumba vya juu na vya chini, wakila bure. (Neno lenyewe, soba, limekwisha kuwa letu, nyumba nyingi za aina hiyo hapa kwetu zinahudumia walioacha heroini, na hufuata hatua kumi na mbili zilezile zilizoandikwa na Bill.) Lois alitoka dukani jioni, akapika, akafua, akawatenganisha waliogombana. Hilo liliendelea kwa miaka kadhaa.

Matokeo yalikuwa mabaya. Walioacha kweli, nao walikuwepo, walikuwa ni wale waliokuja kwenye kikao cha Jumanne usiku na kurudi makwao. Wale waliokaa na kulishwa humo ndani hawakuacha. Mmoja wao, mwanasheria, aliuza nguo za Bill na Lois walipokuwa safarini, kisha akajiua kwa gesi ndani ya nyumba. Walirudi wakaikuta maiti. Bill mwenyewe alifikia uamuzi kwamba kumfuga mlevi na kumlisha bila yeye kubeba chochote hakumsaidii.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopenda kuisifu sahani ya chakula kana kwamba ni dawa. Chakula kilekile, jiko lilelile, mwanamke yuleyule aliyechoka: Akron kilifanya kazi, Brooklyn kikaharibu. Tofauti naiona kwenye nafasi ya anayekula. Kwa Anne, Bill alikuwa mgeni lakini alimuuguza mwenye nyumba, Dk. Smith alilishwa, na kabla mwezi haujaisha alikuwa kando ya kitanda cha mlevi mwingine. Kila aliyekula alikuwa na wa kumpa. Clinton Street walikuwepo wapishi wawili na walaji wengi, na walaji hawakudaiwa kitu. Baadaye, vikundi vya Marekani vilipozoea kukutana kwa chakula ambacho kila familia huja na sufuria yake, desturi hiyo ilirekebisha kosa la Brooklyn bila mtu kutoa hotuba. Ukija na bakuli la maharage, huwi ombaomba.

Halafu mambo yakageuka. Aprili 1939, mwezi uleule kitabu kilipotoka, benki iliwatoa Bill na Lois nyumbani. Kwa takriban miaka miwili hawakuwa na kwao. Waliishi kwa wanachama, wiki hapa, mwezi pale. Lois aliorodhesha kuhama kwa zaidi ya mara hamsini. Waliokuwa wakilisha sasa wakalishwa. Nadhani Lois ndiye aliyejua kuliko mtu yeyote katika chama hicho ladha ya pande zote mbili za meza.

Februari 1940 kulikuwa na chakula kingine, cha kifahari. John D. Rockefeller Mdogo aliwaalika matajiri wa New York kwenye Union Club wasikilize habari za chama. Yeye aliugua, akamtuma mwanawe Nelson. Bill alikumbuka kwamba waliandaliwa njiwa wachanga juu ya mkate wa kuokwa. Wanachama walidhani usiku ule wangeondoka na mamilioni. Nelson akasimama akasema kazi ya namna hii haihitaji fedha nyingi. Rockefeller alitoa dola 1,000. Kwa fedha alizokuwa nazo mtu yule, hiyo ilikuwa nauli. Lakini kwa kweli alikuwa ameielewa kazi yenyewe kuliko waliokuja kuomba.

Turudi kwenye kitabu, kwa sababu kina sura inayowahusu wapishi. Inaitwa sura ya wake, na imeandikwa kwa sauti ya wanawake walioolewa na walevi: sisi tulilia, sisi tulisubiri. Aliyeiandika ni Bill. Lois alitaraji kuiandika yeye, na hakuruhusiwa. Bill alisema mtindo wa kitabu lazima uwe mmoja. Lois aliumia, na hakuficha kwamba aliumia. Amekaa jikoni kwa miaka yote ile, na siku ya kusimulia jikoni, mume anashika kalamu kwa niaba yake.

Hasira yake ilikuwa na historia. Yeye mwenyewe amesimulia jinsi Bill alivyomhimiza siku moja wawahi kikao, na yeye, kabla hajajijua, akamrushia kiatu. Alishangaa. Mume ameacha pombe, alichokiomba miaka kumi na saba kimetimia, sasa hasira ya nini? Akagundua kwamba alikuwa na wivu: watu wageni kabisa walikuwa wamefanikisha ndani ya muda mfupi kile ambacho mapenzi yake na mapishi yake yalishindwa. Jambo hilo halisemwi hadharani mara nyingi. Mlevi akipona, yule aliyekuwa akimfunika blanketi na kumwekea chakula kwenye hotpoti anabaki akijiuliza kazi yake ilikuwa ipi.

Wake wengine walikuwa wakijiuliza hivyohivyo. Wakati waume wakizungumza sebuleni, wao waliandaa kahawa na keki, na huko nyuma wakaanza kuzungumza wao kwa wao, kwanza kuhusu waume, kisha kuhusu nafsi zao. Vikundi vya namna hiyo vikaota sehemu mbalimbali za nchi. Mwaka 1951 Lois na jirani yake, Anne B., walichukua anwani 87 za watu na vikundi vilivyokuwa vimeiandikia ofisi ya chama, wakawaandikia mmoja mmoja. Ndiyo asili ya Al-Anon, chama cha familia za walevi.

Anne Smith hakukiona. Alifariki tarehe 1 Juni 1949, na mume wake akamfuata Novemba 1950. Jina lake halimo kwenye orodha ya waasisi wawili inayotajwa kila mahali, ingawa Bill aliandika kwa heshima kubwa juu yake.

Bill na Lois walipata nyumba yao mwaka 1941, Bedford Hills, nje ya jiji la New York, wakaiita Stepping Stones. Meza ya jikoni ya Clinton Street, ile ambayo Ebby aliikataa jini, iko humo, na wageni huonyeshwa. Tangu mwaka 1952 familia hukusanyika kwenye bustani ya nyumba hiyo kila Juni. Waandaaji huwaambia waje na chakula chao.